Chumvi Imepungua Kidogo

Mwaka 2008 nilimwambia kaka yangu maneno matatu akiwa amelazwa hospitalini: "Chumvi imepungua kidogo." Mawili ya kwanza yalikuwa ya kweli. Hilo la tatu ninalitafakari mpaka leo, na ndilo linalonifanya niandike kurasa hizi, ingawa mimi si mwanafalsafa wala si daktari. Nilikuwa mpima damu tu, katika hospitali moja ya mkoa wa Tanga.

Msomaji ataniuliza: kwani "kidogo" ni neno gani hata limnyime mtu usingizi? Sisi Waswahili hulitia kila mahali. Mgonjwa hoi akijuliwa hali hujibu kwamba anaumwa kidogo. Mwenye deni la laki tano huomba asubiriwe kidogo. Ni neno la adabu kuliko kuwa neno la kipimo. Lakini kazi yangu mimi ilikuwa kipimo. Kwa zaidi ya miaka ishirini serikali ilinilipa mshahara ili nisilitumie neno hilo.

Nilipoanza kazi, chumvi za damu, yaani sodiamu na potasiamu, tulizipima kwa moto. Majimaji ya damu yalichanganywa na maji safi, yakarushwa kama ukungu ndani ya mwali wa gesi, na mashine ikasoma nguvu ya rangi iliyotokea. Sodiamu huwaka njano, potasiamu huwaka zambarau hafifu. Mtu aliyekulia pwani hana haja ya kufundishwa jambo hilo darasani. Ubao wa ngalawa kuukuu, ulioshiba maji ya bahari, ukitiwa jikoni hutoa mwali wenye unjano usiouona katika kuni za bara. Baadaye zikaja mashine za umeme zisizo na moto, na kazi ikawa rahisi zaidi, nami nikaipenda kidogo zaidi kuliko zamani. (Naona neno lenyewe limejipenyeza hata hapa. Naliacha.)

Katika damu ya mtu mzima mwenye afya, sodiamu huwa kati ya milimoli 135 na 145 kwa lita moja. Potasiamu huwa kati ya 3.5 na 5. Asubuhi ile kichupa kilikuja na fomu yenye jina la kaka yangu, mzaliwa wa kwanza wa mama yetu, stesheni masta mstaafu, aliyelazwa siku mbili kabla kwa kuvimba miguu na kukosa pumzi. Sodiamu ilikuwa 121. Nikasafisha mashine, nikaipima damu ya majaribio, mashine ikawa sawa, nikarudia. Ikawa 121.

Sasa nieleze namba hiyo husema nini, maana bila hivyo kosa langu halitaeleweka. Mtu akisikia chumvi imepungua mwilini atasema mgonjwa aongezewe chumvi. Katika maradhi ya moyo kushindwa kazi mambo ni kinyume. Chukua chungu cha mchuzi uliokolea vizuri, kisha mtu akumiminie humo vikombe vitatu vya maji. Ukionja utasema chumvi haitoshi, kumbe chumvi yote ungali nayo chunguni. Kilichozidi ni maji. Na kwa mgonjwa wa moyo aliyevimba chumvi nayo huwa imezidi, ila maji yameizidi hiyo chumvi.

Maji hayo huzuiwa na mwili wenyewe. Moyo uliochoka husukuma damu kwa unyonge. Figo hazina macho. Zikiona damu inayozifikia ni haba, hudhani mwenye mwili yuko jangwani au amejeruhiwa na kutokwa damu. Basi hufanya lile zilizoumbiwa: huamsha homoni za kubana mishipa na kuzuia chumvi isitoke. Ubongo nao huachia homoni ya kuzuia mkojo, na mgonjwa huingiwa na kiu. Yote haya yangemwokoa mtu aliyepotea nyikani. Kwa mwenye moyo dhaifu ni kumtwisha punda aliyekwisha kuanguka. Kwa hiyo sodiamu ikishuka namna hii, habari inayotolewa si ya chumvi. Ni habari ya jinsi mwili ulivyoshikwa na hofu, na hofu hiyo hufuata udhaifu wa moyo.

Mwaka 1986 huko Marekani, Lee na Packer walitoa matokeo ya wagonjwa 203 wenye moyo kushindwa kazi kwa hali kali. Walipima mambo mengi, hata nguvu ya moyo wenyewe, kisha wakatazama ni lipi lililobashiri vizuri zaidi nani atakufa mapema. Ikawa ni sodiamu, kipimo cha bei rahisi. Waliokuwa na sodiamu chini ya 137, nusu yao walikuwa wamefariki ilipofika siku ya 164. Kwa wale wengine ilichukua siku 373. Hesabu hizo ni za enzi ile, na dawa za leo ni bora kuliko za wakati ule, lakini ubashiri wenyewe haujafutika. Nilizisoma nikiwa mafunzoni, nikazikariri kama mtu anavyokariri bei za vitu asivyotarajia kununua.

Nikaiandika 121 kwenye fomu, nikatia sahihi, nikaipeleka wodini mwenyewe. Daktari hakuwepo. Kaka aliniona.

"Shikamoo Kaka."

"Marahaba. Wamesema damu yangu imekuja kwako. Inasemaje?"

Kanuni ya kazi yetu inajulikana: mtu wa maabara hampi mgonjwa majibu, majibu ni ya daktari. Ningeweza kusema hivyo, na yeye aliyeishi kwa kanuni za reli angenielewa. Sikusema hivyo. Ningeweza kukaa kitandani pake nikamweleza habari ya chungu na mchuzi. Sikufanya hilo pia. Nilisema yale maneno matatu, nikamgusa bega, nikaondoka haraka kama mtu aliyeacha kitu motoni.

Kesho yake usiku niliitwa. Kaka alikuwa ameketi kitandani ameshika ukingo wa dirisha, anavuta pumzi kwa sauti ya maji. Daktari wa zamu na Sista wakampa oksijeni, wakamchoma Lasix mshipani, mkojo ukaanza kutoka, na alfajiri akaweza kulala. Chini ya kitanda kulikuwa na bakuli. Shemeji yangu alikuwa amemletea papa mkavu wa nazi milo mitatu mfululizo, pamoja na uji alioutia chumvi. Papa mkavu wa sokoni, kila mtu wa Tanga anajua, ni nusu samaki nusu chumvi. Na baada ya papa huja kiu, na baada ya kiu maji, jagi zima.

"Shemeji," aliniambia kwenye varanda, huku analia, "si wewe uliyesema chumvi imepungua?"

Hili ndilo fundo la insha hii. Wanaojadili habari ya kumwambia mgonjwa ukweli huligawa jambo katika njia mbili: kumwambia au kumficha. Mimi sikuwa katika njia yoyote kati ya hizo. Sentensi yangu ingeweza kusimama mbele ya hakimu. Chumvi katika lita ya damu yake ilikuwa imepungua kweli. Hata hivyo kila aliyeisikia alitoka na jambo la uongo kichwani, na kwa uaminifu wake akalitenda. Je, mtu akisema kweli, na akajua kwamba msikilizaji hana njia ya kuielewa ila kinyume, huyo amesema kweli? Zamani ningejibu kwamba wajibu wa msemaji huishia midomoni mwake. Siku hizi siwezi.

Tena kulikuwa na lile la tatu. "Imepungua" lilimpoteza shemeji. "Kidogo" lilimpoteza kaka. Kwake lilikuwa na maana ya kwamba muda upo. Alikuwa na binti Mombasa, wa ndoa yake ya kwanza, ambaye hawakusemezana kwa miaka kumi na moja kwa sababu ya mahari iliyoliwa. Alikuwa akisema, "Nikipata nafuu nitavuka mpaka nikamwone." Nami nilijua namba ile inavyosema juu ya nafuu.

Nilijitetea kwa njia nyingi. Utetezi wa kwanza ulikuwa kwamba ajali ya mtu aijuaye ni Mungu, na kwetu mgonjwa huambiwa "utapona inshallah," basi. Huu siudharau. Lakini nahodha wa jahazi naye anajua kwamba roho zote mikononi mwa Mungu, na akiliona wingu jeusi huwaambia abiria wafunge mizigo. Hajadai kujua nani atazama.

Utetezi wa pili ulikuwa wa kitaalamu zaidi, nao ulinivutia zaidi: kwamba namba nazo hudanganya. Ni kweli. Ukifunga mpira mkononi kwa nguvu, ukamwambia mgonjwa akunje na kukunjua ngumi, ukavuta damu kwa pupa kwa sindano nyembamba, chembe zitapasuka na kumwaga potasiamu iliyokuwa ndani yake. Mashine itaandika 6.8, daktari atashtuka, na mgonjwa hana tatizo lolote. Kinyume chake huua kweli. Lasix ikifukuza maji hufukuza na potasiamu, na mgonjwa anayetumia digoksini potasiamu yake ikishuka, moyo unaweza kwenda mrama ghafla. Mwaka 1999 ulipotolewa utafiti ulioitwa RALES, uliofanywa kwa wagonjwa 1,663, dunia ilifurahi: spironolaktoni, kidonge cha zamani, ilipunguza vifo vya wagonjwa hawa kwa asilimia 30. Miaka mitano baadaye wakatangaza kutoka Ontario, Kanada, kwamba tangu habari ile njema ienee, wazee waliolazwa kwa potasiamu kuzidi na waliokufa kwa sababu hiyo walikuwa wameongezeka sana. Dawa ni ileile. Waliopewa hawakuchaguliwa kwa uangalifu uleule, wala hawakupimwa damu kama wale wa utafiti. Hapa kwetu sijui ni ndugu wangapi wanaompelekea mgonjwa wa spironolaktoni madafu kila siku kwa mapenzi, bila kuambiwa na mtu kwamba maji ya dafu yamejaa potasiamu.

Basi namba hudanganya, nami ningeweza kujificha humo. Tatizo ni kwamba nilikuwa nimerudia. Ilikuwa 121 na 121.

Katika siku zile mawazo yangu yalimwendea Sydney Ringer, tabibu wa London, ambaye jina lake hutamkwa katika kila wodi ya nchi hii na watu wasiomjua: "Mtundikie Ringa." Mwaka 1882 aliandika kwamba moyo wa chura huendelea kupiga ukiwekwa katika maji yenye chumvi chache. Baadaye aligundua kwamba maji yaliyotumika hayakuwa yale safi ya maabara aliyodhani; yalikuwa maji ya bomba, na ndani yake mlikuwa na kalisi. Alipotumia maji safi kweli, moyo ukafifia. Angeweza kunyamaza. Mwaka 1883 akaandika tena, mbele ya wasomaji walewale, kwamba alikosea na kosa lilikuwa wapi. Kutokana na kosa hilo tukajua kwamba moyo hauwezi kupiga bila kalisi. Nilimwonea wivu. Yeye alirekebisha sentensi yake ndani ya mwaka. Mimi nilikuwa na mgonjwa mmoja tu wa kumwambia, naye alikuwa hatua themanini kutoka mlango wa maabara.

Nilimwambia baada ya wiki tatu, alipokwisha kuruhusiwa, tumeketi barazani kwake. Nilimweleza habari ya mchuzi, figo, 121, wale watu 203. Alisikiliza kama alivyokuwa akisikiliza simu ya stesheni, kichwa kimeinama upande. Kisha akauliza, "Hizo siku 164 ni zangu au zao?"

"Ni zao, Kaka. Nusu yao hawakuzifikia, nusu walizipita."

"Kwa hiyo hiyo ni ratiba. Mimi nauliza treni hii iliyopo kituoni."

Nilisema hiyo siijui, na ya kwamba hakuna aijuaye. Hilo nalo lilikuwa la kweli, na safari hii niliketi mpaka nikaona ameelewa. Hakusema ahsante. Kwa siku kadhaa hakutaka kuniona, na shemeji akanituhumu kwamba nimemuua mume wake mara ya pili.

Ningependa kuandika kwamba ukweli ulileta matunda mema. Ulileta tunda moja: binti alipigiwa simu, akaja kutoka Mombasa na wajukuu wawili, wakakaa wiki. La pili lilikuwa chungu. Kaka alikuwa na ng'ombe wawili wa maziwa, ndio waliokuwa wakimpa fedha za kujikimu. Akaona hana faida nao tena, akamgawia mmoja mpwa wetu na mwingine akauza kwa jirani kwa bei ya kutupa, akalipa madeni yake yote, akakaa kumngoja mgeni wake. Akaongezewa enalaprili na spironolaktoni, tukawa tunampima damu kila mara, akaacha papa, akaacha jagi la maji. Sodiamu ikapanda ikafika 133. Akaishi miaka mitatu. Kila asubuhi alituma mtoto kwa jirani kununua maziwa ya ng'ombe wake mwenyewe. Akiniona naingia uani alikuwa akitoa saa yake ya reli mfukoni, akaitazama, akasema, "Mdogo wangu, treni yako imechelewa."

Mtu asidhani kwamba alipona kwa kuwa namba ilipanda. Mwaka 2007 yalitolewa matokeo ya utafiti wa EVEREST, wagonjwa 4,133, ambamo nusu walipewa tolvaptani, dawa inayotoa maji ya ziada na kuipandisha sodiamu. Kwa waliokuwa na sodiamu ya chini ilipanda kweli, na uvimbe ukapungua. Vifo havikupungua. Inawezekana kuisahihisha ile 121 iwe 136 na mtu akafa siku ileile ambayo angekufa. Kama ningekuwa na umri wa kuanza kazi upya, hilo ndilo ningependa kufundishwa siku ya kwanza, kabla ya kuwasha moto wa gesi.

Kaka alifariki mwaka 2011, usingizini. Nilistaafu miaka miwili baadaye.

Limebaki la shemeji. Mwaka 2022 nilisoma habari za utafiti uitwao SODIUM-HF, wa wagonjwa 806 katika nchi sita. Baadhi yao walipunguza sana chumvi katika chakula, wengine wakafuata ushauri wa kawaida. Baada ya mwaka mmoja, vifo na kulazwa havikutofautiana kwa kiasi cha kutegemewa. Utafiti huo haukuwa wa bakuli za papa mkavu, na mimi bado naamini usiku ule uliletwa na lile bakuli. Lakini ulinitikisa kwa njia nyingine. Nilikumbuka kwamba mwanamke huyu, tangu 2008, hajapika tena papa nyumbani kwake. Anakula mboga zisizo na ladha, na akiulizwa husema amezoea. Miaka kumi na minne alikuwa amebeba mzigo niliomtwika mimi kwa maneno matatu, nami nilikuwa nakula kwake sikukuu zote nikisifu mapishi.

Nikaenda. Nikamwambia kwamba si yeye. Kwamba alifanya lile ambalo mke mwema angefanya kwa habari aliyopewa, na mtoa habari alikuwa mimi, na neno lililoharibu ni lile "kidogo", kwa maana nilijua si kidogo.

Alikuwa anachambua mchele. Hakuinua uso mpaka ungo ulipokwisha.

"Shemeji," alisema, "wewe ulisema kidogo, nami nikatia kidogo. Ungesema imepungua sana, ningeuza kanga zangu nikamnunulia papa mzima."